Nguzo ya Darubini, Msalato

Mrisho hakumwita mkewe. Hilo aliapa, na kwa hilo mimi namwamini, maana mtu anayepiga picha ya sayari ya Mshtarii hathubutu hata kukohoa.

Alikuwa uani kwake Msalato, Magharibi imepita tu, simu imefungwa kwenye tundu la kuchungulia la darubini. Sayari ile kubwa ilitulia katikati ya kioo, mikanda yake ya mawingu inaonekana vizuri. Kazi yenyewe ni ya subira. Unarekodi video, kisha kompyuta inachagua vipande visivyotikisika na kuvilaza kimoja juu ya kingine mpaka picha itakate. Alipoicheza video ile ndani, akasikia sauti yake mwenyewe, ya chini chini, ikisema, "Salwa." Na kwa mbali, kutoka jikoni, mkewe akaitika, "Abee."

"Si uliniita wewe?" Salwa akashangaa. "Nimetoka na mwiko mkononi, nakukuta umeinama, hata hunitazami. Nikasema huyu na nyota zake, nikarudi zangu jikoni."

Mrisho akacheka. Fundi simu huyo, kila kitu kwake ni hitilafu ya spika.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu alikoharibu ni huko. Upepo wa Dodoma mnaujua. Darubini ikisimama kwenye miguu yake mitatu, sayari inacheza kwenye kioo kama mbegu kwenye ungo. Mrisho akaamua kusimika nguzo ya zege uani, aifunge darubini juu yake. Akamleta fundi Sostenes achimbe shimo. Kina cha magoti tu, sururu ikagonga chungu kilichozibwa mdomo kwa udongo na nta, kimelazwa kifudifudi.

Sostenes akatoka shimoni, akajifuta mikono kwenye suruali. "Kaka, nyie si huwa mnasoma dua mkianza msingi? Na kuku mnachinja."

"Inayosomewa ni nyumba. Hii nguzo tu."

"Na chungu?"

"Kiache humo humo, kitapunguza kokoto."

Mtu kazaliwa Kondoa, kalelewa na watu wanaosoma Fatiha hata wakichimba choo, anatamka maneno hayo. Nikikumbuka naumia. Zege likamwagwa juu ya chungu, likakauka, na darubini ikatulia tuli.

Asubuhi baada ya ile video, Salwa alitoka kwenda kliniki, mimba yake kubwa, siku zimekaribia. Kufika getini pumzi ikakatika. Akarudi nyuma hatua moja, ikarejea. Wakadhani ni uchovu. Kesho yake Mrisho akampakia kwenye teksi, lakini gari lilipovuka geti tu midomo yake ikageuka rangi, macho yakampanda juu, akawa anakwaruza kioo kwa kucha, na dereva akarudisha gari ndani kwa hofu bila kuambiwa. Ndani ya geti, akapumua. Nesi alikuja, akampima kifua, akasema kizima kabisa.

Kuanzia hapo kila Magharibi uani palinuka udongo uliolowa, na mvua haijanyesha tangu masika. Ndani ya nguzo kitu kikawa kinagonga taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi.

"Nitazaa humu humu, Mrisho?" Salwa alimnong'oneza, amemshika mkono. "Nizae huku hicho kitu kinasikiliza?"

Mrisho aliubana mkono ule. Alikuwa anampenda mke yule, na alikuwa anajua sasa kwamba yeye ndiye aliyemfungia ndani.

Akaenda Kolo kumchukua Maalim Masudi, mzee wa kisomo. Mzee alifika alasiri, akaweka sikio kwenye zege, akalitoa haraka.

"Waliomfunga humu walikuwa wanajua wanachofanya," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umemzindua, halafu ukamjengea juu. Sasa anataka mtu wa kukaa naye. Akiita, anayemwitikia ndiye anayeshikwa."

"Atamwachia mke wangu, maalim?"

"Nguzo ikivunjika atamwachia. Lakini ataita tena. Kwa sauti yoyote atakayokuja nayo, usijibu. Hata neno moja, mwanangu."

Salwa akasimamishwa getini, upande wa mbele, kule ambako ua hauonekani. Aliambiwa akisikia kifua kimefunguka, atoke, asigeuke. Teksi ilikuwa inamsubiri nje, impeleke kwa mama yake Kondoa.

Mrisho akaishusha darubini, akainua nyundo. Pigo la kwanza, kimya. La pili, harufu ya udongo ikapanda mpaka ikawa ladha ulimini, na maalim akainua sauti ya kisomo. Kisha kutoka chini ya zege, si getini, chini ya zege kabisa, Salwa akalia, akasema Mrisho unaniumiza, na Mrisho akapiga, na Salwa akasema Mrisho mtoto, nyundo inampiga mtoto, na Mrisho akapiga huku machozi yanamtoka, anajua si yeye, anajua kabisa si yeye, na sauti ikawa ndogo, ikawa ile ya usiku anapougua, ikaita jina lake mara moja tu, kwa upole, nyundo ikiwa juu.

"Vumilia mke wangu," Mrisho akasema. "Namaliza."

Maalim akanyamaza katikati ya aya.

Nyundo ikashuka, nguzo ikapasuka, chungu kikaonekana kimefunguka vipande viwili. Kilikuwa kitupu. Mzee alimtazama Mrisho, akainamisha macho.

"Mrisho!" Salwa aliita kutoka barabarani, anacheka na kulia. "Nimetoka, napumua. Njoo."

Akakimbia kuzunguka nyumba. Mguu ulipogusa mstari wa geti, kifua kikajifunga. Akarudi hatua moja, akashika nguzo ya geti, na pumzi ikarejea kidogo kidogo. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na mwingine anayepumua pamoja naye.

Salwa alikuwa ameshafungua mlango wa teksi, mkono juu ya tumbo. "Panda basi, twende."

"Tangulia kwa mama," Mrisho akamwambia, akitabasamu. "Nafunga milango tu, nakuja."

"Usichelewe."

"Sichelewi."