Sentimita Nane

Duka la vifaa vya umeme lilijaa tangu asubuhi. Mafundi walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja akitaka ahudumiwe yeye kwanza. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye gauni la buluu lililonyooshwa vizuri kwa pasi, kilemba cheupe na viatu vizito vya kazi. Alikuwa ameifungua soketi kwa bisibisi yake mwenyewe, akiichungulia ndani skrubu kwa skrubu.

"Dada, hiyo ni soketi, si mchumba," sauti ilisema nyuma yake. "Unachunguza mpaka ukoo wake?"

Watu wakacheka. Mwanamke hakugeuka.

"Mchumba mbovu nitaumia peke yangu, kaka. Soketi mbovu inaunguza jengo zima."

Kicheko kikamrudia aliyekianzisha. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la kijivu limejaa vumbi la saruji, testa ya kupimia umeme imechomekwa mfukoni kama kalamu ya mwalimu. Mafundi wenzake walimwita Testa, na jina la nyumbani walishalisahau.

"Basi nisaidie na mimi," alisema, akimpa ya kwake. "Hii nayo ukoo wake ukoje?"

Mwanamke akaifungua, akaitazama. "Hii ni nzima. Ile niliyoifungua kwanza ina matundu matatu kwa nje, lakini ndani, tundu la ethi, la kuzuia mtu asipigwe na umeme, halijaunganishwa na kitu. Limewekwa pambo tu."

Miaka tisa ya ufundi, Testa hakuwahi kumwona mtu akifungua soketi dukani. Alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, na muuza duka akalazimika kumwita mara mbili achukue chenji.

Jumatatu walikutana tena. Testa alikuwa amepewa na mkandarasi kazi ya kutandaza nyaya katika jengo jipya la biashara la ghorofa tatu, na mwanamke yule ndiye mkaguzi aliyewekwa na mwenye jengo kuhakikisha mkataba unafuatwa. Ukumbi wa chini ulikwisha kukodishwa kwa kikundi cha washonaji ambao wengi wao hutumia viti vya magurudumu. Kwa ajili yao mkataba ulidai soketi sitini ukutani, na hata moja isiwe chini ya sentimita arobaini na tano, ili aliyekaa achomeke cherehani yake bila kuinama wala kumwomba mtu.

Kazi ikaendelea, na mapenzi nayo yakaota taratibu, bila kelele. Mchana Testa alikuwa akipiga simu kutoka juu ya ngazi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umevaa kofia ya kazi?"

"Nimevaa."

"Mwongo wewe! Nakuona kutoka dirishani. Hicho kichwa nakihitaji."

"Unakihitaji cha nini?"

"Shuka uivae kwanza, ndipo nikuambie."

Mkaguzi alikuwa na miaka thelathini na minne. Mama yake alikuwa amemwombea mume mpaka magoti yakaota sugu. Kwa hiyo siku Testa aliposema kwamba baba yake mdogo angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuleta posa, binti yule aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia kwa shukrani.

Zilibaki siku kumi. Marumaru zikawa zimetandazwa ukumbini, na mkandarasi akaja na mwenye jengo kupokea kazi. Mkaguzi alipiga goti penye soketi ya kwanza, akavuta futi kamba. Thelathini na saba. Akaenda ya pili. Thelathini na saba. Alipofika ya sita jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni, na si kwa joto.

"Zimepungua sentimita nane," alisema. Sauti yake ilitoka kavu. "Siwezi kuzipokea."

"Sitini zote?" mkandarasi akafoka.

"Nilipima arobaini na tano kutoka sakafuni," Testa alisema.

"Sakafu ipi?" mkandarasi akadakia. "Zege tupu? Juu yake si ilikuja saruji ya kusawazisha, na marumaru? Mkataba unasema kutoka sakafu iliyomalizika."

Testa alifungua kinywa. Akalitazama faili kubwa alilolikumbatia Mkaguzi, akamtazama usoni, halafu akakifunga kinywa chake.

"Mama, sentimita nane ni nini?" mwenye jengo aliuliza, akitafuta njia ya amani. "Kidole tu."

"Kwako ni kidole, mzee. Kwa mshonaji aliye kwenye kiti, ni kumwita mtu kila asubuhi amchomekee."

Mkandarasi akamwambia Testa akusanye vifaa vyake aondoke, na asitaraje kazi ya ghorofa za juu. Akaondoka mbele ya mafundi wote, hakugeuka nyuma.

Mkaguzi alipiga simu siku hiyo, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga kesho yake, na keshokutwa. Aliandika: "Nilifanya kazi yangu. Sikukuchukia." Hakujibiwa. Moyoni akaanza kukasirika: mwanamume gani huyu, asiyekubali kukosolewa na mwanamke? Testa naye, kwa dada yake alikokuwa akikaa, aliitazama simu ikiita akajiambia: ananihurumia, basi.

"Mwanangu, wageni bado wanakuja?" mama yake Mkaguzi aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Usiseme neno la hasira. Ngoja."

Siku ya tano dada yake Testa aliingia ofisini kwa Mkaguzi. Alikuwa mwanamke mnene, kitenge cha njano, pochi ameibana kwapani.

"Nikuite wifi, au nikuite Mkaguzi?"

"Niite upendavyo, dada. Karibu kiti."

"Sikai. Ndugu yangu hali, hasemi. Jana nimepanga vitu vyake nikaukuta mchoro wa kazi." Akautoa kwenye pochi, akaukunjua mezani. "Michoro siijui, lakini kusoma najua. Hapa pameandikwa sentimita arobaini na tano kutoka sakafuni. Nionyeshe palipoandikwa iliyomalizika."

"Hapo hapapo. Pako kwenye ukurasa wa masharti."

"Alipewa?"

"Kila fundi hupewa, dada, na hutia sahihi."

Akavuta daftari la makabidhiano, akalifungua kwa uhakika kabisa. Mchoro wa kwanza: sahihi ya Testa. Mchoro wa pili: sahihi. Ukurasa wa masharti: mstari mtupu.

Ndipo akakumbuka. Asubuhi ile ya makabidhiano mashine ya kunakili iliishiwa wino, naye akasema, "Nitakuletea baadaye." Hakupeleka.

Akaweka kidole penye mstari mtupu. "Yeye alijua?"

"Si mjinga," dada alisema, sasa kwa upole. "Alijua palepale ukumbini. Ila alijua pia ni nani angefukuzwa."

Mkaguzi hakukaa akijilaumu. Aliomba dua fupi, akalichukua daftari, akaenda moja kwa moja kwa mwenye jengo, akamkuta na mkandarasi. Akaliweka wazi mbele yao.

"Kosa lilianza kwangu. Sikumpa fundi masharti, kisha nikamwaibisha mbele ya watu."

"Unajua maana ya unayoyasema?" mwenye jengo aliuliza.

"Najua, mzee."

Alivuliwa ukaguzi siku hiyohiyo, akarudishwa ofisi kuu ya mwenye jengo kupanga mafaili. Testa aliitwa akarekebishe soketi.

Mkaguzi alimkuta ukumbini amepiga magoti, nyundo na patasi mkononi, nywele nyeupe kwa vumbi. Soketi kumi na moja zilikuwa zimepanda.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

Testa hakuinuka. "Fundi wa miaka tisa alipaswa kuuliza sakafu ipi. Nusu ni yangu."

"Na nusu yangu ukaibeba."

"Ningesema mbele ya wanaume wale, wangekula nyama yako."

"Ningeolewa nawe, nikazeeka najiona mwadilifu, kumbe nimekukanyaga mgongoni." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Usinifichie kosa langu tena. Nikikosea, niambie. Hata mbele ya watu."

Testa akaweka patasi chini.

"Haya. Umekosea kufikiria kwamba nimekukasirikia. Nilikuwa naona haya tu." Akasimama. "Baba mdogo ameuliza kama bado aje."

"Mkaguzi hayupo tena. Yupo karani wa mafaili."

"Mimi simchumbii kwa ajili ya kazi yake."

Mkaguzi akageukia dirisha, akampigia mama yake. Mama akasikiliza yote bila kumkatiza, kisha akauliza, "Kwa hiyo umemsamehe?"

"Ni yeye aliyenisamehe, Mama."

"Mpe simu."

Testa akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mama, naye hakuwahi kumwita hivyo. "Waambie wazee waje mapema."