Laptop Inayofaa Kuchapia Mitihani

Damari anachapa kazi za watu pale Ihanja, kando ya barabara kuu. Anachapa barua za maombi, mihtasari ya vikao na mitihani ya shule. Mume wake, Paskali, ni seremala. Karakana yake na kibanda cha Damari vimepakana.

Asubuhi moja Mwalimu Nathanaeli aliingia kibandani na mtihani mkononi.

"Mama Faith, swali la kumi na saba liko wapi?"

Damari alitazama. Halikuwepo. Hata mwezi uliopita aliruka swali.

"Ukiruka tena, mitihani ya kata naipeleka mjini," mwalimu alisema. "Watoto wanapoteza alama."

Kazi ya shule ndiyo tegemeo la kibanda. Damari alijua kosa linatoka wapi. Kioo cha laptop yake kilikuwa kipana lakini kifupi kwa kimo. Kilionyesha nusu ya ukurasa tu. Kila mara alipandisha na kushusha maandishi, na hapo ndipo mistari ilipompotea.

"Nahitaji laptop nyingine," alimwambia mumewe.

"Au ni macho yako?" Paskali aliuliza. "Au wauza laptop wamekutia maneno?"

"Basi twende wote mjini, ukawakamate."

Walikwenda Singida, kwenye duka la Mselemu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," Paskali alijibu. Kisha akamnong'oneza mkewe, "Huyu anacheka mapema mno."

Mselemu aliweka laptop mbili mezani. Zote zilikuwa zimeandikwa inchi kumi na nne. Paskali akatoa futi mfukoni, akapima upana wa vioo. Cha kwanza sentimita thelathini na moja. Cha pili thelathini na kidogo.

"Funga pochi, Mama Faith! Inchi kumi na nne ni sentimita thelathini na tano. Zote zimepunjwa!"

"Mzee, wewe ni fundi?" Mselemu aliuliza.

"Seremala. Miaka thelathini."

"Fremu ya mlango unaipimaje kujua imekaa sawa?"

"Kona kwa kona. Nani asiyejua?"

"Na kioo cha laptop kinapimwa kona kwa kona. Pima."

Paskali alipima. Vioo vyote vilikuwa sawa. Akapima kimo. Cha pili kilizidi kwa sentimita moja na ushee.

"Mbona hukusema mapema?"

"Ulitoa futi kabla sijafungua mdomo, mzee. Kioo kipana kinafaa kwa sinema. Barua na mtihani ni karatasi iliyosimama. Anayechapa anahitaji kimo."

"Na herufi?" Damari aliuliza. "Zangu zina kingo mbaya. Jioni macho yananiuma."

"Picha ya kioo imeundwa kwa nukta ndogo ndogo, mama. Hiki cha kwanza kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Cha pili kina 1920 kwa 1200. Nukta zikiwa chache, herufi inakuwa na meno meno, kama ubao uliokatwa kwa msumeno butu."

"Basi tupe ile yenye nukta nyingi kuliko zote," Paskali alisema.

"Ile pale rafuni ina nukta mara nne ya hii ya pili. Lakini kwa kuchapa hamtaona faida kubwa. Inakula chaji haraka, tena ni ghali."

Paskali alirudi nyuma hatua moja. "Muuzaji anakataa kuuza cha ghali? Mama Faith, hapa kuna kitu."

Damari alichoka kusikiliza. Alitoa flashi kwenye pochi. "Fungua mtihani huu kwenye zote mbili. Herufi ziwe na ukubwa mmoja."

Mselemu alifungua. Paskali alihesabu mistari kwa kidole. Laptop ya kwanza, mistari ishirini na minne. Ya pili, thelathini. Akahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Thelathini.

"Maneno ya dukani siyaamini," alisema. "Mistari naiamini. Tunachukua ya pili."

Mtihani wa kata ulikuwa na maswali hamsini. Sasa Damari aliona swali na majibu yake yote manne kwa pamoja, bila kupandisha wala kushusha. Alipomaliza, Mwalimu Nathanaeli alikaa kibandani akahesabu kwa kalamu, moja hadi hamsini. Yote yalikuwepo.

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi nyingine.

"Huu ni wa darasa la nne. Nilikuwa njiani kuupeleka mjini."

Akauweka mbele ya Damari.