Ukurasa wa Tisa

Soko la Yarinacocha lilikuwa limefurika siku Edilson alipomkumba Soi, na bakuli la Soi la chapo, uji wa ndizi mbivu, likamwagikia shati jeupe la kazini la Edilson.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?" Soi alifoka. Alivaa blauzi ya kijani inayong'aa na sketi nyeusi aliyoitarizi mwenyewe michoro ya kene, nakshi za asili za kabila lao. "Huo ndio ulikuwa mlo wangu!"

"Na shati langu je?"

"Livue nikalifue. Kifua chenyewe hicho hakimtishi mtu."

Watarizi wenzake wakaangua kicheko. Edilson akaondoka na fulana ya ndani na namba ya simu.

"Mpenzi, shati langu vipi?" alipiga kesho yake.

"Doa halijatoka. Piga tena kesho."

Akapiga kila kesho, miezi miwili.

Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu wa kabila lake, Washipibo, biashara ya hewa ukaa: moshi wa viwanda vya ng'ambo unavutwa na miti, wenye viwanda wanailipa jamii ili msitu usikatwe. Kampuni iliyomwajiri ikamtuma kijijini kwa kina Soi na mkataba. Aliueleza vizuri mpaka ukurasa wa tisa. Shule aliiacha mapema, na sheria za ukurasa ule zilimshinda. Samaki walishaiva kwenye majani, watu wana njaa.

"Huu ni wa wanasheria," alisema, akaupindua.

Watu wakatia sahihi daftari la mahudhurio kabla ya kula, kama kwenye kila mkutano. Edilson akalipeleka ofisini. Kampuni ikalibandika kwenye mkataba, eti sahihi hizo ni ushahidi kwamba kijiji kimekubali.

Mwezi uliofuata Soi alipiga simu.

"Mama kazuiwa kufungua shamba jipya la ndizi. Marufuku miaka thelathini, eti ndivyo ukurasa wa tisa unavyosema. Walikuhonga nini, Edilson?"

"Mpenzi, mimi..."

"Usiniite hivyo!" Akakata.

Siku tatu Edilson hakumpigia. Aliona afadhali adhaniwe mla rushwa kuliko mjinga. Siku ya nne aibu ya rushwa ikamzidi. Akaenda sokoni, akasimama mbele ya watarizi wote.

"Sikuhongwa. Ukurasa ule sikuuelewa, nikaona haya kusema."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ungeniuliza hata mimi," Soi alisema, sauti imemshuka. "Lakini shamba si langu. Kawaambie wenye shamba."

Alijua kampuni itamfukuza. Akapanda mashua ya kijijini hivyohivyo, Soi kakaa mbele, hamtazami. Edilson alikuwa amemwomba mwalimu mmoja wa mjini amfafanulie ukurasa ule, akausoma mkutanoni kwa Kishipibo, mstari kwa mstari.

"Kumbe ulikuwa hujui?" Mama Justina, mama yake Soi, aliuliza.

"Sikujua, mama."

"Na sisi hatukujua. Ila sisi hatukusimama mbele ya watu na shati jeupe."

Kijiji kikaandika barua ya kuukataa mkataba, wakatia sahihi chini ya maneno waliyosomewa mara mbili. Samaki wakasubiri mpaka wakapoa.

Pale mtoni Soi, ameshaketi mashuani, akamtupia bahasha. Ndani mlikuwa na shati lake, limepigwa pasi. Doa la chapo lilikuwa palepale kifuani, limezungushiwa kene kwa uzi mwekundu.

"Halikutoka?"

"Halitoki. Na sikulifunika." Akamsogezea nafasi kwenye ubao wa mashua. "Livae. Twende ukanisaidie kuipeleka hiyo barua ofisini kwenu."

Akalivaa mbele ya watu wote.