Nyama Isiyo na Bega

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, buchari ya Nailantei pale Kitengela haikuwa na pa kutia mguu. Huyu anataka mbavu, yule anataka matumbo, naye Nailantei, herini za shanga zikimcheza masikioni, anakata nyama bila kuinua macho.

"Madam, naomba nyama kidogo ya ng'ombe ambaye bado yuko hai."

Buchari nzima ikaangua kicheko. Nailantei akatazama. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, viatu havina hata chembe ya vumbi. Mgeni kabisa.

"Wewe ni daktari ama ni mchawi?"

"Ni Gakuru, wa kile kiwanda kipya huku Isinya. Tunatoa kinofu kidogo kwa ng'ombe, tunakikuza kwa matangi mpaka kinakuwa nyama. Ng'ombe mwenyewe anabaki akila nyasi."

"Na mimi niuze nini? Hewa?"

"Anza kwa kuniuzia namba yako ya simu."

Ala! Kijana ana mdomo. Namba aliipata, tena bure, na kinofu akakipata kwa fahali wa Mzee Parmuat, babake Nailantei, aliyefugia jirani na kiwanda. Basi ikawa kila jioni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula nyama ya ukweli, si hiyo supu yako ya matangi."

"Cheka tu. Gesi wanayocheua ng'ombe inapasha dunia joto; hiyo supu ndiyo itaipunguza."

Alicheka, lakini maneno yalimwingia. Ukame uliopita ulikuwa umefyeka ng'ombe wa babake, na alimwona mzee akilia, mtu ambaye halii ovyo. Kwa hivyo kiwanda kilipotafuta maji, ni Nailantei mwenyewe aliyemwendea.

"Baba, wape maji ya kisima. Hawa watu wanataka kuzuia ukame."

"Unamwamini huyo kijana?"

"Namwamini, Baba."

Mzee akakubali kwa neno la binti yake, si la mtu mwingine.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Matangi yakipoa, nyama hufa, kwa hivyo jenereta za kiwanda zilinguruma bila kupumzika, moshi ukatanda juu ya malisho. Kuosha mitambo nako kulikunywa maji kuliko zizi zima. Kisima kikaanza kutoa matope. Ndama wakakonda tena, na Mzee Parmuat hakumlaumu bintiye hata kwa neno moja, jambo lililomuuma Nailantei zaidi.

Akapiga simu. "Gakuru, mnachoma dizeli hivyo, halafu mnasema mnaokoa hewa?"

"Babe, ni majaribio tu. Hayo si maneno ya kuongea kwa simu."

"Kumbe jibu unalo na unanificha! Ulinipenda mimi ama ulipenda kisima cha Baba?"

Akakata, akaifungia namba yake. Siku hizo akikatia watu kachumbari machozi yalimtoka, akasingizia vitunguu.

Kiwanda kikataka kujenga kingine kikubwa zaidi, kikaita watu mkutanoni Kajiado. Nailantei alikwenda amejifunga shuka nyekundu, akaketi kando ya babake. Aliyepewa maikrofoni ni Gakuru.

"Nimetumwa niwaambie nyama yetu ni safi kuliko ya ng'ombe. Kwa dizeli hii, si kweli. Gesi ya ng'ombe huisha hewani baada ya miaka michache. Gesi ya moshi wa dizeli itawakuta hewani hata vitukuu wetu. Labda siku moja, tukitumia jua. Leo tunachafua hewa na tunamaliza maji yenu. Nilijua, nikanyamaza. Niliogopa kazi, na niliogopa mtu fulani ataniacha."

Mkutano ukalipuka kelele. Mzee Parmuat akamwinamia bintiye. "Amechelewa," akasema, "lakini amefika."

Gakuru alifutwa kazi siku hiyohiyo. Pampu iliyovutia kiwanda maji ilizimwa baadaye, ila kisima kilibaki na matope yake.

Jumamosi moja akatokea tena buchari, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Madam, naomba bega la mbuzi. Zima."

"Ng'ombe aliye hai amekushinda?"

"Kwetu Wakikuyu, arusi si arusi mpaka bibi na bwana wakate bega la mbuzi mbele ya wazee. Ile nyama ya matangi haina bega, Nailantei. Haina hata mfupa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nailantei alimpenda, Mungu anajua, na hasira nayo ilikuwa bado haijamwisha.

"Na maji ya Baba?"

"Tunamchimbia silanga, bwawa la kukusanya maji ya mvua. Mimi na koleo langu. Bado hataki kunisalimia, lakini amekubali nichimbe."

Akamwangalia viganja. Vilikuwa na malengelenge. Akashusha bega moja zima kutoka kwa ndoano, akalifunga vizuri, na badala ya kumpa akalitia ndani ya friza.

"Hili ni lako. Siku ng'ombe wa Baba watakunywa kwa hiyo silanga, uje ulichukue."

"Mpaka mvua inyeshe?"

"Mpaka inyeshe. Na uchimbe haraka, Gakuru. Hiyo friza inakula stima."