Kalenda Isiyo na Mwaka

Jibini ndiyo iliyowakutanisha. Jumamosi moja katika soko la Blaak, Rotterdam, watu wamejaa na miavuli inagombana, Jorien alisimama kwenye meza ya jibini akiwa na koti lake la mvua la njano. Akaonja kipande, akaonja cha pili, kisha akanyoosha mkono kwa mara ya tatu.

"Dada, hapa ni sokoni, si harusini," alisema muuzaji, kijana mrefu, sweta lake la buluu limetoboka kiwikoni.

"Nachagua."

"Umechagua mpaka umeshiba. Unataka ipi?"

"Ile uliyoificha nyuma."

Kijana akacheka. "Ile mama ananiwekea mimi."

"Basi mwambie umepata mgeni."

Jina lake Gerben. Mwaka mzima walipendana kama wapendanao wasiojificha, na jioni Gerben asipokuwa mjini simu ilimaliza chaji.

"Umekula?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Na jibini yako, mwenye wivu wewe."

Kisha Gerben akampeleka shambani kwao, ng'ambo ya Gouda, siku ya kuzaliwa ya mama yake. Viti vilipangwa duara, kila aliyeingia akampongeza kila aliyekaa, na kila mtu akapewa kipande kimoja cha keki na asitegemee cha pili. Jorien akaomba kwenda chooni.

Katika nchi yao kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, nayo hutundikwa chooni, mbele ya macho ya aliyekaa, ili mtu asije akadai alisahau. Haina mwaka, hutumika hadi karatasi ichoke. Jorien alilitafuta jina lake kwenye Aprili, hakuliona. Akafunua Mei. Tarehe kumi na nne palikuwa pameandikwa Anneloes, na kando yake moyo mdogo wa wino mwekundu.

Alimkuta Gerben uani.

"Anneloes ni nani?"

Gerben akatazama viatu vyake. "Si leo, Jorien. Si hapa."

"Kumbe ni wa kusemwa kwa siri."

"Nitakwambia njiani."

Hakuingoja hiyo njia. Alipanda basi peke yake, na Gerben alipopiga simu hakupokea, alipopiga tena akaizuia namba yake. Alipofika nyumbani alikwenda kwenye kalenda yake mwenyewe, chooni kwake, akalifunika jina la Gerben kwa wino mweupe wa kufutia. Hasira hasara, lakini mwenye wivu hashauriki.

Mwaka uliofuata, siku yake ya kuzaliwa, ilikuja kadi kutoka kule shambani. Akaitupa bila kuifungua. Mwaka wa pili ikaja nyingine, na safari hii akaifungua. Mama yake Gerben alikuwa ameandika maneno machache tu: "Hongera kwa siku yako. Mwezi ujao binti yangu Anneloes angetimiza miaka thelathini, kama maji yasingemchukua akiwa mdogo. Tonnie."

Jorien aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena, na moyo ukamwuma kwa aibu. Alikuwa amemwonea wivu mtoto aliyezama.

Ilimchukua siku tisa kupata ujasiri. Jumamosi alikwenda peke yake, hakumwambia mtu: treni mpaka Gouda, kisha baiskeli ya kukodi. Mvua haikuwapo, lakini alivaa koti la njano makusudi. Upepo ulikuwa wa mbele, mitaro imejaa hadi ukingoni, na ng'ombe waliofunguliwa juzi baada ya baridi walikuwa bado wanarukaruka kama ndama. Njia nzima alijisemesha. Gerben, nilikosea. Gerben, kama bado nafasi ipo. Mwishoni kulikuwa na kivuko kidogo cha kuvuta kwa mnyororo. Kilikuwa upande wa pili, akakivuta, akavuka.

Tonnie alikuwa mlangoni na viatu vyake vya mbao. "Koti hilo nimelijua tangu ng'ambo," alisema. "Ingia, mwanangu. Gerben yuko na ng'ombe."

Jorien akaomba kunawa uso. Macho yalikwenda yenyewe kwenye kalenda. Aprili, tarehe tisa: Jorien, kwa mwandiko wa Gerben, wino umepauka. Furaha ilimpanda hadi kooni. Kisha akaona mstari wa tarehe kumi na mbili, mwandiko uleule, wino mpya: Roos.

Atakuwa mtoto wa binamu, alijiambia. Lakini aliporudi mezani Tonnie alikuwa ameweka chai na biskuti za mviringo zilizonyunyiziwa punje za sukari za rangi ya waridi na nyeupe. Biskuti zile hazitolewi ila mtoto wa kike amezaliwa nyumbani. Tonnie hakuweza kumtazama.

"Kula kidogo," alisema. "Usipokula utatuvunjia heshima."

Akala. Ilikuwa kama kumeza mchanga.

Gerben alimsindikiza hadi kivukoni, mikono mifukoni, sweta jipya.

"Hongera," alisema Jorien. "Mama yake ni nani?"

"Lisanne. Tuko pamoja tangu kiangazi cha juzi... cha mwaka jana. Sijalala vizuri, samahani."

"Jina langu uliliandika lini?"

"Siku ileile ulipoondoka. Kwetu mtu haandikwi mpaka aje mara ya kwanza. Nilikupigia nikwambie."

"Na Anneloes?"

"Alikuwa na miaka minne. Mtaro huu huu. Siku ya kuzaliwa ya mama hatulitaji jina lake, mama hulia mbele ya wageni." Akageukia maji. "Nilikungoja sana, Jorien."

"Najua."

"Hujui."

Jorien alipandisha baiskeli kivukoni.

"Unataka nikufute?" Gerben aliuliza polepole.

"Mama yako amewahi kumfuta mtu?"

"Hajawahi."

"Basi niache hapo."

Akauvuta mnyororo mwenyewe. Gerben alisimama ukingoni hadi kivuko kilipogusa upande wa pili, kisha akarudi kwa mwanawe.

Jua lilikuwa bado halijazama Jorien alipofika kwake. Alikwenda moja kwa moja chooni, koti mwilini, akafunua Oktoba. Wino mweupe ulikuwa umekauka na kupasuka. Juu yake akaandika tena Gerben. Akarudi Aprili, chini ya jina la mama yake mdogo, akaandika Roos, akakaa juu ya kifuniko akalia sana. Aliyeandikwa hutumiwa kadi. Mwakani, tarehe kumi na mbili, ingembidi atume.