Punje Mbili za Tunda Moja

Siku ya gulio Nkwenda haina adabu. Malori ya ndizi yameziba njia, wachuuzi wa maharage wanaita wateja kwa lugha tatu kwa mpigo, na matope ya mvua ya asubuhi hayachagui kiatu. Katikati ya purukushani hiyo, mwanamke mmoja mwenye gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, kilemba cha kitambaa hichohicho na gambuti nyeusi miguuni, alikuwa ameinama nyuma ya baa akiokota vizibo vya soda.

"Dada," sauti ya kiume ikatokea juu yake, "hivyo ukifikisha kilo wanakupa nini? Niambie na mimi nianze biashara."

Sperancia akainua uso. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, penseli sikioni, unga wa mbao umetulia kwenye nyusi. Mtanashati, na anajijua.

"Wananipa watoto wanaojua kuhesabu," akamjibu.

"Kumbe mwalimu! Shikamoo mwalimu."

"Usinizeeshe wewe! Kama huna kazi, chuchumaa uokote."

Na kweli akachuchumaa, na shati lake jeupe. Sperancia akamweleza huku mikono ikifanya kazi: anafundisha darasa la kwanza kule Kamuli, watoto ni wengi kuliko madawati. "Ukimwandikia mtoto ubaoni mbili jumlisha tatu, anakutazama kama umemtukana. Mpe vizibo viwili mkononi, mwongezee vitatu, utamsikia mwenyewe anapiga kelele: tano!"

"Mimi nilifundishwa kwa fimbo," akasema yule kijana.

"Ndiyo maana unauliza bei ya vizibo."

Akacheka mpaka mwenye baa akatoka kuwafukuza. Jina lake Deodatus, fundi seremala, karakana yake ipo kando ya barabara inayokwenda mpakani.

"Vipande vyako vya mbao unavitupa wapi?" Sperancia akauliza wakati wa kuagana.

"Vinaishia jikoni kwa mama."

"Kuanzia leo vinaishia Kamuli."

"Hiyo ni amri?"

"Ni mtaala."

Basi ndugu zangu, mapenzi yana milango mingi, haya yaliingia kwa mlango wa darasa la kwanza. Juma lililofuata Deodatus akafika shuleni na gunia la vipande alivyovipiga msasa hadi vikang'aa, akavichonga tarakimu na herufi. Alikuta darasa ambalo hajapata kuliona. Huku watoto wanachora herufi kwa kidole kwenye majivu yaliyotandazwa juu ya ungo. Kule wamefungua duka, wanauziana majani ya migomba na chenji wanarudishiana kwa mbegu za maharage. Vizibo vya Nkwenda vimetungwa kwenye kamba za mgomba, kila mtoto na mkufu wake wa kuhesabia. Akakaa kwenye kidawati, magoti yakamfika kidevuni, akasahau kwamba ana kitanda cha mteja cha kumalizia. Watoto wakambandika jina: Mwalimu wa Mbao.

Simu zikaanza. Kule Kamuli mtandao wa Tanzania ni wa kubembeleza. Ukikaa vibaya tu, simu inadakwa na mtandao wa Uganda na salio lote linakwenda. Sperancia alikuwa akipanda kilimani penye kahawa za jirani ili amsikie vizuri.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ndizi za ebitoke na maharage. Wewe?"

"Nimekula mawazo yako."

"Basi utakonda."

"Nikikonda utanihesabia mbavu kwa vizibo. Sikia, Spe, nataka nikupeleke kwa mzee wangu. Ila nakuonya, ana maneno mengi, utamchoka."

Baba yake Sperancia alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Picha yake hana, sura haijui. Mama yake, Ma Dafroza, alirudi kwao na mtoto, miaka mingi baadaye wakarejea kwenye shamba la marehemu Kituntu, lakini kila neno kuhusu marehemu lilikuwa linamliza, kwa hiyo Sperancia akajifunza kutouliza.

"Nipe tu huyo mzee wako na maneno yake," akasema. "Mimi sijawahi kumwita mtu baba."

Penye mapenzi shetani hakosi kiti. Jioni moja Sperancia akapiga simu, akapokea mwanamke mwenye sauti ya kujidai: "Mume wangu yuko kwenye randa. Wewe ni nani?" Sperancia akakata. Akazima simu kabisa. Gunia jipya la mbao lililoletwa na bodaboda akalirudisha na bodaboda huyohuyo. Alilia akavimba macho, akawaambia watoto ni vumbi la chaki.

Deodatus alipoona gunia, hakungoja. Akaingia darasani kipindi kikiendelea, akakaa kidawatini, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Mgeni atoke nje."

"Mwalimu, mke wa kaka yangu akiniita 'mume wangu' kwa utani kama ilivyo kwetu, mimi na yeye jumla tunakuwa wangapi?"

Sperancia akajikuta anauma mdomo. Shemeji! Na yeye Mnyambo wa kuzaliwa, utani huo anaujua tangu ananyonya, ila wivu ukipanda akili inashuka.

"Mackrine?" akauliza kwa sauti ndogo. Jina hilo alikwisha kulisikia.

"Mackrine huyohuyo. Yuko nje kwenye pikipiki, amekuja kuomba radhi, anaogopa utampiga."

Watoto hawakuelewa kitu, lakini walimwona mwalimu anacheka huku anafuta macho, wakapiga makofi kwa nguvu zao zote.

Siku hiyohiyo, baada ya kengele, Sperancia akamweleza mkosi wake wa muhula: nusu. Watoto wote wamekwama. Amekata ndizi, wamegombania kipande kikubwa. Amekunja karatasi, wamezichana. Deodatus akatoka nje, akachuma tunda jekundu la kahawa kwenye mti uliopakana na uwanja, akalibonyeza kwa vidole viwili. Punje mbili zikachomoka, telezi na tamu, kila moja bapa upande mmoja.

"Tazama. Mungu mwenyewe kaligawa, hakuna kikubwa wala kidogo." Akamwekea moja kinywani, akala utamu wa ile nyingine. "Nusu yako, nusu yangu."

"Na tukiziweka pamoja?"

"Ni moja. Spe, nioe… yaani, nikuoe?"

"Hata kuposa hujui!" akamsukuma kifua. Kisha, akiwa bado ameshika shati lake, akasema ndiyo.

Sasa sikilizeni kosa lao, maana kosa lipo. Kwetu kijana akipenda, kwanza wazee huuliza: binti wa nani, wa ukoo gani, wa wapi. Deodatus alitaka ujanja wa kisasa. Siku ya Wazazi ilikuwa karibu. Akamwambia baba yake aje tu shuleni, kuna mtu atamwonyesha, na jina hakumtajia. Alitaka mzee ampende kwanza yule mwanamke akiwa kazini, ndipo aulize ukoo.

Siku ikafika. Sperancia alivaa gauni la bluu la hariri bandia, shanga nyeupe shingoni, viatu vya kisigino vilivyozama kwenye nyasi za uwanja. Wazazi wamejaa. Mbele wamekaa wazee, na kati yao Ta Desderius, baba yake Deodatus, koti zito la kijivu, kofia magotini, mkongojo mkononi. Watoto wakaonyesha duka, wakaonyesha majivu, watu wakacheka na kushangilia. Mwisho wakasimama wawiliwawili, kila jozi na tunda moja la kahawa.

"Tunda moja!" Sperancia akaita.

Wakabonyeza. "Nusu yangu, nusu yako!" wakaimba, kila mmoja akimtia mwenzake punje kinywani. "Tukiziweka pamoja, ni moja!"

Vigelegele. Lakini Ta Desderius alikuwa amesimama, kofia imeanguka.

"Waitu, mwalimu," akasema. "Mchezo huu umenichoma. Sisi zamani haukuwa mchezo. Nilipokuwa kijana niliugua ugonjwa mbaya, ndugu zangu wa tumbo moja wakanikimbia. Mtu baki, wa Kituntu, akaniingiza nyumbani kwake, akanilisha kwa mkono wake mpaka nikapona. Tukachanjiana, tukala omukago, undugu wa damu. Tunda kama hilo. Punje moja ikapakwa damu yangu akaimeza yeye, nyingine ikapakwa damu yake nikaimeza mimi. Tukaapa: mtoto wako ni mtoto wangu, na atakayevunja, tumbo lake livimbe. Alipokufa nilikuwa Uganda kutafuta maisha. Niliporudi, mjane ameondoka na mtoto, nikatafuta nikashindwa. Nolasco wangu! Sikumzika."

Sperancia akahisi visigino vinazidi kuzama.

"Wewe mwalimu unatoka wapi?" mzee akauliza. "Ni binti wa nani?"

Angeweza kudanganya. Mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakudanganya.

"Ninatoka Kituntu," akasema. "Baba yangu aliitwa Nolasco. Mama yangu ni Dafroza."

Mkongojo ukaanguka chini. Mzee akatembea bila mkongojo, akamkumbatia Sperancia mbele ya umati, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. "Mwanangu! Una paji la uso la baba yako! Mwanangu, nimekupata!" Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakafuta machozi. Koti la mzee lilinukia moshi na tumbaku. Sperancia, ambaye maisha yake yote hakuwa na kifua cha baba cha kuegemea, akaegemea. Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo alifurahi.

"Deo!" mzee akaita. "Njoo umsalimie dada yako!"

Deodatus akaja. Akampa mkono, na mikono yote miwili ilikuwa ya baridi.

"Na huyo uliyetaka kunionyesha," mzee akauliza akijifuta kamasi kwa furaha, "yuko wapi?"

"Hakuja, baba," Deodatus akasema.

Sperancia alisafiri hadi Kituntu kumwuliza mama yake. Ma Dafroza alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Desderius, Desi wetu," akasema. "Jina hilo nililizika na baba yako. Mwanangu, kati ya watoto wa watu waliokula omukago hapaolewi. Baba yao ni mmoja."

"Mama, damu yake siyo damu yangu. Padri atatufungisha."

"Padri atafunga, sikatai. Nani atakaa upande wa kupokea mahari na nani upande wa kutoa, ikiwa baba ni mmoja? Wa kulifungua fundo lile ni wawili waliolifunga. Mmoja yuko kule nyuma ya nyumba, chini ya migomba." Akaanza kulia. "Ningekusimulia mapema. Niliogopa kilio changu tu."

Deodatus naye aliwaendea wazee kwa siri, akajibiwa hivyohivyo. Alipofika Kamuli alikuwa amekonda kweli. Wakakaa kilimani penye mtandao, jua likiwa juu.

"Twende Bukoba," akasema. "Au Mwanza. Mimi nina randa na msumeno, wewe una vizibo vyako. Hatufi njaa. Huko nani anajua omukago?"

"Na baba?"

"Atazoea."

"Ulimwona alivyolia, Deo? Jana kanitumia mkungu wa ndizi. Juzi kanipigia kuniuliza kama nimekula. Aliapa tumbo livimbe. Mzee yule akisikia, hatangoja tumbo, moyo utamwua kwanza."

"Kwa hiyo umemchagua yeye."

"Sijachagua! Nakupenda mpaka naumwa, mpumbavu wewe! Lakini niamke kila siku kando yako nikijua nimemwua baba niliyempata jana? Sitakuwa mke, nitakuwa kilio ndani ya nyumba yako."

Deodatus akainamisha kichwa magotini. Walilia wote wawili, na hakuna aliyemshika mwenzake, maana hawakujua tena washikane kama nani.

"Nakwenda Mwanza peke yangu," akasema hatimaye. "Nikikaa Nkwenda nitakuona sokoni, nitakuita jina ambalo siyo dada."

"Nenda."

"Hata hunizuii?"

"Nenda, Deo, kabla sijakuzuia."

Akashuka kilima. Hakupiga simu tena, wala Sperancia hakumpigia.

Muhula mwingine ukafika na somo la nusu likafika. Lilisifiwa mno siku ile, mwalimu mkuu akaagiza lisiachwe. Sperancia akawapanga watoto wawiliwawili, akagawa matunda. Nyuma kabisa Benadeta alibaki peke yake, jirani yake anaumwa. Zamani, jozi ikipungua mtu, Mwalimu wa Mbao ndiye aliyejaza.

"Mwalimu," Benadeta akauliza, punje mbili kiganjani, "wangu hayupo. Hii nyingine nimpe nani?"

Kabla hajajibu, simu ikatetemeka mfukoni. Akatoka mlangoni kupokea.

"Mwanangu, umekula?" ilikuwa sauti ya Ta Desderius.

"Shikamoo baba. Bado, niko darasani."

"Kula, mwanangu. Sikia, kaka yako hapigi simu. Sijui nimemkosea nini. Na yule mchumba wake hajanionyesha mpaka leo. Wewe ni dada yake, hakukuambia ni nani?"

Sperancia akaegemea ukuta. Ndani watoto walikuwa wanaimba nusu yangu, nusu yako.

"Hapana, baba," akasema. "Hakuniambia."