Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Mtaani walimwita Bisibisi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyetaka kununua gari lililotumika alimchukua kwanza yeye akalikague, naye alikwenda na bisibisi yake ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza umbea. Alikuwa na sumaku aliyoifunga kwenye kitambaa, akiipitisha taratibu juu ya bodi. Isiponata, hapo bati limezibwa kwa puti, na muuzaji huanza kutoka jasho. Alinyanyua kapeti akanusa kama gari liliwahi kuingia maji. Lakini kipimo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mpira wa pedali na kiti cha dereva.

"Kilomita za dashibodi zinadanganya," alikuwa akisema. "Makalio hayadanganyi."

Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki gari. Mkewe alimtania maisha yao yote kwamba kaolewa na bingwa wa magari ya watu. Mke alipofariki, nyumba ikawa kubwa ghafla. Alikula amesimama jikoni, maana kutandika meza kwa mtu mmoja kulimuuma. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na kila alipopiga simu alisema angependa kuja na mtoto, ila kutoka stendi hadi kwa baba, na mizigo, na mtoto mkononi, ni kazi. Ndipo Bisibisi akaamua kununua gari. Atawapokea stendi, na nyumba itasikia tena sauti ya watu. Hakutaka kingine.

Gari alilipata kwa mama mmoja mshonaji, mchana wa jua kali. Mama yule alikaa barazani na cherehani yake, hakusogea karibu hata mara moja. Bisibisi akakagua kila kitu. Injini ilinguruma vizuri, oili safi, namba ya chesisi ilikuwa ile ile ya kwenye kadi. Kiti cha dereva kilikuwa bado kigumu. Kilichomshangaza kidogo ni kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Kilikuwa kimebonyea, shimo la mtu mzima, kitambaa kimelika hadi nyuzi. Upande wa kulia ulikuwa kama umetoka dukani jana.

"Mlikuwa mnampeleka mgonjwa hospitali?" aliuliza.

Mama alikata uzi kwa meno, kisha akauliza lake.

"Unaishi na nani, baba?"

"Peke yangu, mama. Mwenzangu alishatangulia."

Mshonaji akashusha pumzi ndefu. "Basi litakubali," alisema. "Ila kitu kimoja. Ukifika kwako, shuka, funga mlango, ingia ndani. Usiseme neno."

Bisibisi alicheka, akachukua ufunguo. Siku ile aliuliza yote isipokuwa swali moja, lile analowahimiza wateja wake waanze nalo: kwa nini unaliuza?

Gari liliwaka ufunguo ukizungushwa mara moja tu, kila siku. Hakuwa na la kulilalamikia, isipokuwa lililalia kushoto kwa nyuma. Alibadilisha springi, bado likalala. Akabadilisha na shokapu, bado. Alipokata kona alisikia kiti kikilia huko nyuma, mlio mdogo, kama mtu anajiweka sawa. Alitazama kiooni. Hakuna kitu. Akikaa kidogo, kinalia tena.

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini mtu aliyekaa kimya muda mrefu hachagui sana wa kuzungumza naye, na siku moja kwenye foleni alijikuta anasema, "Leo tutachelewa." Kesho yake akasimulia habari za gereji. Hakujibiwa, ila kiti kililia pale pale ambapo mkewe angecheka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba alilipenda. Hata hivyo, agizo la mshonaji alilishika. Akifika nyumbani alifunga mdomo, akashuka.

Binti akaja na mtoto. Bisibisi aliwapokea stendi amevaa shati la sikukuu, akamwinua mjukuu juu juu na kumwita mchumba. Binti akakaa mbele. Mtoto akafunguliwa mlango wa nyuma, wa kushoto. Akabaki amesimama.

"Panda basi, mchumba."

"Nitakaa wapi?"

"Si hapo mbele yako!"

Mtoto akakunja uso, akavuta gauni la mama yake. "Mama," alinong'ona, "huyu bibi hasogei."

Hakuna aliyecheka. Binti alitazama kiti. Aliona lile shimo. Kisha akaona shimo likizama zaidi, polepole, kama mtu anayeegemea kumtazama mtoto vizuri. Alimnyakua mwanawe. Hawakufika hata nyumbani. Walipanda basi la kurudi.

"Baba, liuze," alimwambia dirishani, machozi yakimtoka. "Siku utakayoliuza nipigie, tunakuja siku hiyo hiyo. Likiwepo, mimi na mwanangu hutatuona."

Bisibisi akaanza kutafuta mnunuzi. Wakaja watu na wake zao, wakaja ndugu wawili, akaja kijana na mchumba wake. Kila aliyeshika ufunguo, gari halikuwaka. Wakiondoka, Bisibisi akijaribu, linawaka. Hapo ndipo alipolielewa swali la mshonaji, kwamba anaishi na nani, na akaelewa pia angelipaswa kulitafutia gari mtu wa namna gani. Alimfikiria mtu huyo, popote alipo, anakula amesimama jikoni. Roho ikamsuta.

Kulikuwa na mnunuzi mwingine aliyeahidi kuja asubuhi inayofuata, na jioni hiyo mvua ilimkuta Bisibisi anaosha gari uani. Akaingia garini kujikinga. Nyumba ilikuwa mbele yake, madirisha meusi. Kiti kikalia nyuma, taratibu.

"Mwenzangu," alisema, "pengine kesho unaondoka. Unisamehe. Nina mjukuu."

Mvua tu ilisikika juu ya bati la gari. Akaona haya. Mtu amefikishwa mpaka mlangoni kwako siku zote hizi, hujawahi kumwambia hata neno la heshima. Alikuwa kalelewa vizuri, na maneno yalimtoka kama yanavyomtoka yeyote.

"Haya, karibu ndani."

Ndipo akakumbuka agizo la mshonaji. Nyuma yake kiti kilipumua. Gari likanyanyuka upande wa kushoto, likakaa sawa. Mlango haukufunguka.

Hakulala. Asubuhi mnunuzi alikuja na mke na watoto wao, nyumba nzima. Bisibisi alitaka kuwaambia wasijisumbue, lakini baba wa watoto alishazungusha ufunguo. Gari likawaka. Watoto wakarukaruka kwenye kiti cha nyuma, kulia na kushoto, na mama yao akawagombeza. Bisibisi akaomba washuke kidogo. Akapitisha mkono upande wa kushoto. Kiti kilikuwa kimejaa, kigumu, kitambaa hakina hata uzi uliolika.

Gari likaondoka. Alibaki uani anacheka peke yake, anafuta macho. Limeuzika! Atampigia binti yake sasa hivi. Akaingia ndani, akaketi kwenye kochi, upande wake wa siku zote, na kabla hajatafuta namba simu ikaita.

"Baba, vipi? Umeshaliuza? Mtoto analala na begi lake, anasema anakuja kwa babu."

Alifungua mdomo. Kochi likalia kando yake.

Aligeuka taratibu. Upande wa pili, aliokuwa akikaa mkewe, mto ulikuwa umebonyea. Shimo la mtu mzima. Aliweka kiganja juu yake. Palikuwa na joto.

"Baba? Upo?"

Mto ukazama kidogo upande wa simu, kama mtu anayeegemea kusikiliza.

"Nipo, mwanangu," alisema. Sauti yake aliishusha, kama mtu mwenye mgeni ndani. "Bado. Msije. Gari bado ninalo."